Mtandao Unamsubiri Mwanafunzi, Mwalimu Humfuata

Hotuba ya mwalimu wa hisabati wa sekondari mbele ya wazazi, walimu na vijana mjini Moshi

Ndugu mwenyekiti, wazee wangu mlioko hapa mbele, shikamooni. Walimu wenzangu na wazazi wote, habari za mchana. Wanangu mliobanana kule nyuma, hamjambo.

Nimeombwa nizungumzie kusoma darasani na kusoma mtandaoni, nieleze kipi kina faida zaidi. Wazazi wengi wamekwisha kuniuliza jambo hili, na karibu kila mara swali linakuja na hesabu ya fedha ndani yake. Mama mwenye genge Kiboriloni anataka kujua kama aache kulipia tuisheni, hela hiyo anunue kishikwambi na bando la mwezi. Baba wa Uru ana binti aliyeona tangazo la chuo cha nje kinachosomesha shahada kwa simu, naye anauliza kama hiyo ni elimu au ni kuliwa fedha. Hawa ni watu wanaouza ndizi na maziwa ili mtoto asome. Siwezi kuwaambia kwamba njia zote mbili ni nzuri, kisha nikakaa chini nikipigiwa makofi.

Kwa hiyo jibu langu nalitoa mapema. Mtandao unamsubiri mwanafunzi aje. Mwalimu wa darasani, akiwa mwalimu kweli, humfuata hata yule asiyekuja. Anayekwenda mwenyewe kutafuta elimu, mtandao utamfaa sana, na ni dhambi kumzuia. Ambaye bado hajajua kuitafuta, na watoto wetu wengi wako hapo, usimwache mbele ya skrini ukasema umemsomesha.

Turudi kidogo mwaka 2020, kwa sababu mwaka ule tulipewa jaribio ambalo hakuna aliyeliomba. Tarehe 16 Machi Serikali ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa korona nchini. Alikuwa Arusha, jirani zetu, akiwa ameingia kupitia uwanja wetu wa ndege wa KIA. Kesho yake Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akatangaza kufungwa kwa shule, kuanzia za awali hadi kidato cha sita. Kidato cha sita na vyuo vikuu walirudi tarehe 1 Juni, wengine wote tarehe 29 Juni. Kwa zaidi ya miezi mitatu nchi nzima iliambiwa masomo yaendelee nyumbani. Redio na televisheni zilirusha vipindi, na shule zenye uwezo zilituma kazi kwa WhatsApp.

Mnakumbuka ilivyokuwa katika mkoa huu. Mtoto wa Shanty Town, mtaa wa wenye uwezo, mwenye kompyuta, intaneti ya nyumbani na mzazi mhadhiri aliendelea kusoma. Mtoto wa Kibosho ambaye simu pekee ya nyumbani inaondoka na baba alfajiri alisubiri saa mbili usiku baba arudi, chaji imekwisha, bando limekwisha, na yeye mwenyewe amechoka kwa kukata majani ya ng'ombe. Shule zilipofunguliwa tukawapokea wote wawili kwenye dawati moja na kuwapa mtihani mmoja.

Kuna wanaosema tatizo letu ni vifaa tu, kwamba tukipata intaneti ya kutosha mambo yatakaa sawa. Nawaomba waitazame Uholanzi. Ile ni nchi ambayo karibu kila nyumba ina intaneti ya kasi. Mwaka 2020 shule zao zilifungwa kwa wiki 8 tu, na kwa kuwa wana mitihani ya kitaifa kabla na baada ya kipindi hicho, watafiti waliweza kupima kwa uhakika. Walichokikuta ni kwamba watoto wa shule za msingi walipoteza kiasi cha moja ya tano ya masomo ya mwaka, yaani karibu sawa na muda wote ambao shule zilikuwa zimefungwa. Ni kana kwamba zile wiki za kusomea nyumbani, mbele ya kompyuta nzuri, hazikuwaongezea kitu. Na waliopoteza zaidi ni watoto ambao wazazi wao hawakusoma sana. Hayo yalitokea mahali ambapo umeme haukatiki na bando haliishi. Basi kuna kitu darasani ambacho waya hauwezi kukibeba, na nataka tukitafute ni nini.

Twende darasani. Kidato cha kwanza, asubuhi, wanafunzi sabini na kitu, watatu kwenye dawati la wawili. Mada ni namba hasi. Naandika ubaoni: −3 − 5. Nawapa dakika tano, kisha naanza kupita kati ya madawati. Wengi wamepata −8, vizuri. Lakini wapo watatu walioandika 8.

Wa kwanza namuuliza, "Umepataje?" Anajibu kwa ujasiri kwamba hasi na hasi ni chanya. Huyu amekaririshwa kanuni ya kuzidisha akaibeba hadi kwenye kutoa. Dawa yake ni mstari wa namba: nachora kwenye daftari lake, namwambia asimame kwenye −3, kisha arudi nyuma hatua tano, aniambie amefika wapi.

Wa pili namuuliza vilevile, umepataje. Ananionyesha alichonakili: 3 + 5. Kumbe hakuona alama vizuri. Namsogeza dawati la mbele, na jioni nazungumza na mzazi wake ampeleke hospitali akapimwe macho. Mtoto huyu hana shida ya hesabu hata kidogo. Angeweza kufeli miaka minne mfululizo kwa sababu ya miwani.

Wa tatu namuuliza umepataje, ananyamaza. Anaangalia chini. Amenakili kwa jirani yake, na jirani ndiye yule wa kwanza. Huyu simuulizi zaidi mbele ya wenzake. Namwita wakati wa mapumziko, taratibu, na mara nyingi nakuta mambo ambayo hayamo kwenye silabasi: amehamia kwa shangazi, hajalala, au tangu darasa la tano amejiaminisha kwamba yeye na hisabati hawapatani.

Jibu lilikuwa moja, 8, na watoto walikuwa watatu wenye shida tatu tofauti kabisa. Programu ya mazoezi kwenye kishikwambi ingewawekea wote alama nyekundu ya kosa, kisha ikawaletea swali jingine la namna ileile. Wa kwanza angerudia kosa lake mpaka likomae. Wa pili angekodoa macho. Wa tatu angezima.

Vijana mnaniambia, "Mwalimu, siku hizi akili mnemba nayo inauliza." Ni kweli. Nimeijaribu na imenishangaza. Ukiiambia ikufundishe hatua kwa hatua, ikuulize badala ya kukupa jibu, inafanya hivyo, tena kwa Kiswahili kinachoeleweka. Lakini tazameni inamtaka mwanafunzi awe nani. Awe amekwisha kujua kwamba hajui. Awe na hamu ya kutaka kujua. Akatae jibu la bure lililo mbele yake, achague njia ndefu ya kuulizwa maswali. Mwanafunzi wa namna hiyo ukimpa hata kitabu kilichochanika atafika. Wengi wa wanafunzi wangu wanapiga picha swali, wanapata jibu lote lililopangwa vizuri, wanalinakili, wanalala. Yule anayehitaji msaada kuliko wote ndiye asiyeuliza, na mashine hiyo, kwa ubora wake wote, inakaa kimya hadi iulizwe.

Lipo pia suala la lugha, nami naona hatulipi uzito wake. Mtoto anayetoka shule ya msingi ya Serikali amesoma miaka saba kwa Kiswahili. Anaingia kidato cha kwanza, kila kitu kinageuka Kiingereza. Mwalimu wake anasoma ufafanuzi kwa Kiingereza kama anavyotakiwa, anainua macho, anaona nyuso zimeganda. Hapo hapo anasema, "Jamani, maana yake ni hivi," anaeleza kwa Kiswahili, pengine anatoa mfano wa debe la mahindi au nauli ya Moshi hadi Himo, kisha anarudi kwenye Kiingereza. Zile sekunde chache za kuona nyuso zimeganda ndizo zinazowavusha watoto wetu. Video nyingi za hisabati na sayansi mtandaoni zimetengenezwa na watu wa mbali, kwa Kiingereza cha haraka, kwa mifano ya dola na theluji. Mwenye video haoni nyuso. Anaendelea tu.

Mafunzo ya mikono sihitaji kuyaeleza sana. Hakuna mgonjwa pale hospitali ya KCMC anayetaka daktari aliyejifunza kupapasa tumbo kwa kutazama video, na kijana wa Chuo cha Ufundi Arusha atachomelea vibaya vyuma mpaka fundi mkuu asimame nyuma yake, amwambie ashushe mkono. Jambo hilo liko wazi.

Sasa walimu wenzangu, naomba mniruhusu niseme na upande wetu, kwa sababu nimelisifu darasa na wengine mmeanza kutabasamu. Darasa ambalo mwalimu anaingia, anaandika notsi ubao mzima, anamwachia kiongozi wa darasa amalizie, kisha anatoka, halina lolote la kuizidi video. Tena video ni afadhali, maana inaweza kurudiwa na haimchapi mtu. Mtoto anaweza kukaa darasani miaka minne bila kuulizwa hata mara moja amepataje jibu. Huyo naye ameachwa peke yake, ila ameachwa kati ya watu. Najua tuko wachache, najua madaftari mia na hamsini yakirundikwa mezani mwalimu anaishia kuweka vema bila kusoma. Ninachosema ni kwamba ubora wa darasa haumo kwenye kuta wala kwenye sare. Umo katika kumfuata mtoto. Tukiacha kumfuata, wazazi watakuwa na haki ya kuuliza karo inalipia nini.

Na mtandao una mema yake, makubwa, ambayo nataka tuyaheshimu.

Nchi yetu ilipitisha sheria ya kuanzisha Chuo Kikuu Huria mwaka 1992, na wanafunzi wa kwanza wakaanza masomo mwaka 1994. Makamu Mkuu wa kwanza wa chuo kile, Profesa Geoffrey Mmari, alikuwa mtu wa hisabati, na hilo linanipa faraja kila nikilikumbuka. Mimi shahada yangu ya kwanza niliipata huko nikiwa nafundisha. Sikuacha kazi wala watoto wangu. Muuguzi wa zahanati ya Rombo, karani wa halmashauri ya Same, askari aliyepangiwa kituo mbali na kwao, mwongoza watalii wa Marangu anayekaa mlimani siku sita kisha akashuka na kupumzika siku tatu: watu hawa darasa la saa mbili asubuhi haliwezi kuwangoja. Kwao swali la kipi bora halina maana, kwa sababu kama si masomo ya mbali, hakuna masomo. Nelson Mandela alipata shahada yake ya sheria kwa Chuo Kikuu cha Afrika Kusini, UNISA, mwaka 1989 akiwa bado mfungwa. Mtu asiyeruhusiwa kutoka getini alimaliza shahada. Hiyo ndiyo nguvu ya elimu inayokufuata kwa barua, na leo kwa mtandao.

Hata kwa watoto wadogo kuna mahali imesaidia. Kuanzia mwisho wa mwaka 2017 kulifanyika jaribio mkoani Tanga, katika vijiji vipatavyo 170, kwa watoto karibu 3,000, wengi wao wakiwa hawajawahi kwenda shule. Lilikuwa shindano la kimataifa lililoitwa Global Learning XPRIZE. Watoto walipewa vishikwambi vyenye programu za kuwafundisha kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili, wajifunze wenyewe. Mwanzoni zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15, idadi ya wasioweza ilikuwa imepungua kwa nusu. Mwaka 2019 programu mbili, onebillion na Kitkit School, ziligawana tuzo ya dola milioni 10.

Nawasihi msiipite habari hii haraka. Nusu ya watoto waliokuwa gizani walianza kusoma, na hilo ni jambo kubwa, lishangilieni. Nusu nyingine miezi 15 ilipita wakiwa bado hawajui. Na hata wale waliofanikiwa hawakuachwa na kifaa peke yao kabisa: kila kijiji kilikuwa na mama aliyetunza kituo cha kuchajia kwa umeme wa jua, na watoto walikwenda kwake na kukusanyika hapo. Wakishika vishikwambi pamoja, mmoja akigundua jambo, wa pembeni anachungulia. Kwa hiyo pale pasipo na mwalimu, kishikwambi ni neema. Mtu asije akachukua habari hiyohiyo akaitumia kumwondoa mwalimu pale alipo.

Kwa watu wazima nako kuna funzo la namna hiyo. Mwaka 2011 walimu wawili wa Chuo Kikuu cha Stanford huko Marekani waliweka somo lao la akili mnemba mtandaoni bure, na watu wapatao 160,000 wakajiandikisha kutoka pande zote za dunia. Waliomaliza ni kama 23,000. Hao ni wengi kuliko ambao mhadhiri angewafundisha maisha yake yote, na sitawadharau. Walikuwa watu waliokwisha kusoma, wanaojua kujisukuma. Mmoja wa walimu wale, Sebastian Thrun, akaanzisha kampuni, na mwaka 2013 ikaingia ubia na Chuo Kikuu cha San Jose State kufundisha hisabati za awali kwa wanafunzi ambao wengine walikuwa wameshafeli au walikuwa bado sekondari. Hapo mambo yaligeuka. Katika masomo ya aljebra zaidi ya nusu walishindwa, na mwaka huohuo mpango ukasimamishwa. Teknolojia ilikuwa ileile na nchi ileile. Waliobadilika ni wanafunzi. Aliyezoea kujifunza alipaa, na aliyehitaji kushikwa mkono aliachwa.

Sasa niseme kwa nini hotuba hii inafaa kutolewa Moshi kuliko mahali pengine. Mji wetu huu ulijua kusomesha watu kwa mbali kabla wengi wetu hatujazaliwa. Chuo cha Ushirika kilianzishwa hapa mwaka 1963, na mwaka uliofuata kikapata Kituo cha Elimu ya Ushirika, kilichotoa masomo kwa posta na vipindi vya redio kwa watendaji na wanachama wa vyama vya msingi. Karani wa chama cha kahawa alijifunza kutunza vitabu vya hesabu bila kuhama kijiji. Lakini angalieni walivyofanya: bahasha na redio vilikwenda pamoja na vikundi vya kusomea na watu wa elimu waliokuwa mikoani kuwatembelea. Wazee wetu hawakutuma barua tu wakalala.

Mwaka 1973 nchi nzima ikaingia kwenye kampeni ya Mtu ni Afya. Wazee mliopo hapa mnaikumbuka. Watu wazima wapatao milioni 2 walisoma kwa muda wa wiki 12 kupitia Redio Tanzania. Redio moja, kitabu kidogo, na kiongozi wa kikundi aliyepewa mafunzo. Kipindi kikiisha, kikundi kinajadili: maji yetu yanatoka wapi, mbu wanazaliana wapi, nani hapa hana choo. Halafu wanainuka kwenda kuchimba. Ujumbe wote ulitoka mbali, Dar es Salaam, kwa mawimbi ya redio, na bado hakuna aliyesoma peke yake. Miaka michache baadaye, taifa lilipoamua kila mtoto aende shule ya msingi na walimu hawakutosha, vijana waliomaliza darasa la saba walifundishwa ualimu kwa posta na redio huku wakifundisha vijijini, wakasimamiwa na wakufunzi, wakamalizia kwa kukaa chuoni wiki chache. Ubora wa mpango ule ulilalamikiwa, na baadhi ya malalamiko yalikuwa ya haki. Lakini kuna watu katika ukumbi huu waliofundishwa a-e-i-o-u na walimu hao.

Mimi pia, nilipokuwa Chuo Kikuu Huria, kilichonifikisha mwisho si vitabu vya moduli. Tulikuwa walimu wachache wa hapa mjini, tukikutana Jumamosi. Asipotokea mmoja, jioni tulimpigia simu. Wengine tulioanza nao, wenye akili kunizidi, walikuwa peke yao huko wilayani, wakapotea katikati. Vipindi vya ana kwa ana vya chuo vilikuwa vichache, tukavigeuza kuwa siku ya kuamshana.

Ndiyo maana mjadala wa siku hizi unanisumbua. Tunazungumza kama vile tumeletewa kitu kipya kabisa kutoka nje, na kazi yetu ni kukipokea au kukikataa. Redio na posta tulivishika tukavitumia kwa namna yetu, kwa kikundi. Intaneti tumeipokea kila mtu na simu yake, kila mtu na sikio lake. Hapo ndipo tunapopungukiwa.

Mama wa genge la Kiboriloni, kama uko humu, jibu lako ni hili. Usinunue kishikwambi ili kiwe badala ya mwalimu. Lakini tuisheni nayo uichunguze: kama ni watoto themanini kwenye banda wanaonakili notsi, hela hiyo inapotea vilevile. Jambo moja unaweza kulifanya bure leo jioni. Chukua daftari la mwanao, weka kidole kwenye jibu lolote, muulize, "Hili umepataje?" Huhitaji kujua hisabati. Akieleza vizuri utamwona anachangamka. Akibabaika, kesho njoo shuleni umwambie mwalimu ni ukurasa gani. Mzazi aliyeishia darasa la saba anayeuliza hivyo kila wiki anamsaidia mtoto kuliko mwenye shahada anayeuliza umekuwa wa ngapi.

Baba wa Uru, binti yako asome kama ana nia, ila kabla hujatuma hata shilingi, nendeni mkathibitishe kwa Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, kama shahada ya chuo hicho inatambuliwa hapa nchini. Kisha aulize chuo chenyewe maswali mawili. Kazi zangu atazisahihisha nani? Na nikipotea wiki mbili bila kuonekana, nani atanitafuta? Wakikosa jibu la swali la pili, fedha hiyo iwekezeni mahali pengine. Chuo Kikuu Huria kina kituo hapahapa Moshi, aanzie kuuliza pale.

Walimu, vile vishikwambi vya Sensa ya 2022 vilivyogawiwa kwetu, naomba visiwe vya picha za harusi. Taasisi ya Elimu Tanzania ina Maktaba Mtandao yenye vitabu vya kiada bure. Pakueni mkiwa mahali penye mtandao mzuri, ingieni navyo hata kwenye bonde la Kibosho ambako simu inatafuta mnara bila kupata. Waonyesheni watoto moyo unavyosukuma damu, jambo ambalo chaki haiwezi. Halafu zimeni, piteni kati ya madawati, ulizeni.

Na nina ombi moja ambalo ndilo lililonileta. Shule kadhaa za mji huu zina vyumba vya kompyuta. Saa kumi jioni vinafungwa kwa kufuli, vinafunguliwa kesho yake. Jumamosi na Jumapili vimefungwa. Saa hizohizo kuna mabinti waliokatishwa masomo kwa ujauzito na wanasoma sekondari kwa njia mbadala, kuna watahiniwa wa kujitegemea wanaojiandaa na mtihani wa kidato cha nne, kuna madereva wa bodaboda wanaosoma cheti kwa simu yenye kioo kilichopasuka, kila mmoja chumbani kwake, kila mmoja akifikiri ni yeye peke yake asiyeelewa. Tufungue vyumba hivyo kila kata, walau jioni mbili kwa wiki na Jumamosi. Wakae pamoja, kila mtu na somo lake la mtandaoni, na awepo mtu mmoja mzima wa kusimamia. Si lazima ajue masomo yote. Kazi yake ni kuandika majina ya waliokuja, kupita nyuma yao akiuliza wamepataje, na kumpigia simu asiyeonekana.

Mtaniuliza nani atamlipa. Umeme na intaneti vinaweza kuchangiwa kidogo na wanaosoma, kidogo na kamati za shule, na halmashauri ikiona watu wamejaa italazimika kusikia. Msimamizi wa kuanzia anaweza kuwa mwalimu mstaafu. Mji huu umejaa walimu wastaafu wenye sauti bado. Ulinzi wa vifaa, mlinzi wa usiku, taa za njiani kwa mabinti wanaorudi nyumbani, hayo yote yanahitaji kupangwa, na sitaki kuyafanya yaonekane mepesi.

Mimi Jumamosi mchana nina nafasi na niko tayari kusimamia chumba cha kwanza kitakachofunguliwa. Wakuu wa shule wenye funguo mko hapa ndani, na mtendaji wa kata nimemwona pale pembeni. Baada ya chai naomba tukutane meza ya kulia, tuandike ni shule ipi na tarehe ipi.

Asanteni sana kwa kunisikiliza.